Ushairi ni wa Nani? Mizani, Lugha Mama na Mwanafunzi wa Bara



Miongoni mwa kazi tunazowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili ni tafakuri ya mwisho wa muhula. Kila mmoja huandika kurasa mbili au tatu akieleza alichojifunza katika somo la fasihi, kilichomshinda, na jambo ambalo angependa walimu walifanye kwa namna nyingine. Tafakuri nyingi huwa za heshima tupu: mwalimu anashukuriwa, somo linasifiwa, na mambo yanaishia hapo. Muhula uliopita tulipokea moja iliyosema wazi zaidi. Mwandishi wake ni kijana wa Bushenyi, magharibi mwa Uganda, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kinyankole. Kwa ombi lake hatutaji jina, lakini ameturuhusu kuyatumia mawazo yake.

Aliandika kwamba alichagua Kiswahili kwa ajili ya kazi, na kwamba sarufi haikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni ushairi. Kila tulipogawa shairi darasani, alijihisi kama mgeni aliyefika harusini bila mwaliko. "Naona ushairi huu ni wa watu wa Pwani," alisema. "Wao wamezaliwa nao. Sisi tunakariri majina ya vitu tusivyovisikia." Akaongeza kwamba alikuwa amekwisha kuamua kuiacha fasihi mwaka wa tatu na kubaki na isimu peke yake.

Kauli hiyo si ya kijana mmoja. Tumeisikia kwa miaka mingi, hapa kwetu na kwa wenzetu wanaofundisha Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Katika makala haya tunajaribu kuijibu. Hoja yetu ni moja: mwanafunzi wa bara anapokwama katika ushairi wa Kiswahili, mara nyingi hukwama kwenye sikio kabla ya kukwama kwenye maana, na ufunguo wa sikio hilo, kwa wengi wao, umo katika lugha waliyonyonya kwa mama zao.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Baadhi ya wenzetu husema: kama ushairi unamshinda, na auache, lugha itamtosha. Hatukubaliani nao. Kiswahili kimo katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Maana yake ni kwamba wanafunzi tulio nao leo ndio watakaosimama mbele ya maelfu ya watoto kesho. Mwalimu anayeogopa shairi huliruka. Akilazimika kulifundisha, huandika ubaoni maana ya mizani, maana ya vina na maana ya kibwagizo, watoto wakanakili, kengele ikalia. Hofu hurithiwa namna hiyo.

Kuna na jambo jingine ambalo kwetu Uganda halisemwi sana darasani. Kijana wetu aliandika kwamba mama yake, anayemlipia karo kwa kahawa, hakupendezwa aliposikia mwanawe anakwenda kusoma Kiswahili. Kwa mama huyo, Kiswahili ni lugha aliyoisikia kwa askari wakati wa utawala wa Idi Amin, yaani kati ya mwaka 1971 na 1979: lugha ya kusimamishwa njiani na kuamrishwa. Wazazi wengi wa umri wake wana kumbukumbu kama hiyo. Hatuwezi kuifuta kwa kuwaeleza faida za biashara katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini lugha ambayo mtu ameisikia ikiamrisha tu, anastahili kuisikia pia ikiomboleza, ikibembeleza, ikitania na ikiusia. Kazi hiyo hufanywa na fasihi, na hasa ushairi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeondoka na sarufi peke yake anarudi kijijini akiwa na nusu ya lugha, na huenda ikawa ile nusu ambayo mama yake anaikumbuka kwa uchungu.

JE, USHAIRI NI WA PWANI TU?

Hatuna budi kukiri kwamba chimbuko la ushairi andishi wa Kiswahili ni upwa wa Afrika Mashariki. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mwana Kupona binti Mshamu, wa visiwa vya Lamu, alitunga utendi wa kumwusia binti yake mwaka 1858. Hayo ni mali ya watu wenye majina na makwao, na si vema kuyazungumzia kana kwamba hayana wenyewe.

Hata hivyo, tukitazama karne ya 20 tutaona picha pana zaidi. Kitabu kilichowafundisha watu wengi kanuni za kutunga, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitolewa mwaka 1954. Mwandishi wake, Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Burundi na Kongo ziko karibu kuliko Bahari ya Hindi. Mathias Mnyampala, aliyekuza utanzu wa ngonjera, alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, Dodoma. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alitoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, ziwa lile lile ambalo maji yake yanafika Entebbe na Masaka. Na mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa diwani waliyoipa jina la Malenga wa Bara. Jina hilo peke yake ni jibu kwa kijana wetu.

Watu hawa hawakuzaliwa na mizani midomoni. Walijifunza. Swali letu basi ni: mtu wa bara hujifunzaje?

MIZANI NI SAUTI KABLA YA KUWA HESABU

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Shairi la kawaida la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti. Mshororo mmoja una mizani 16, nayo hugawanyika vipande viwili vya mizani minane minane. Utenzi huwa na mishororo mifupi, kwa kawaida ya mizani minane isiyogawanywa. Hayo mwanafunzi yeyote atakujibu usiku wa manane ukimwamsha. Lakini mpe shairi ahesabu, utaona anapotea. Hupotea kwa sababu anahesabu kwa macho. Anaona herufi, naye anaamua silabi ziko ngapi kwa kufuata mazoea ya lugha nyingine, mara nyingi Kiingereza alichosomea tangu darasa la kwanza.

Makosa tunayokutana nayo mara kwa mara ni haya matatu:

Kwanza, neno kama mtu au mti huhesabiwa silabi moja. Kwa Kiswahili ni mbili: m-tu, m-ti.

Pili, neno kama taa au juu huhesabiwa silabi moja ndefu. Kwa Kiswahili ni mbili: ta-a, ju-u.

Tatu, baada ya kuambiwa kwamba m husimama peke yake, mwanafunzi huisimamisha kila mahali. Hapo mbuzi inakuwa m-bu-zi na ndege inakuwa n-de-ge, ilhali kila moja ina silabi mbili tu: mbu-zi, nde-ge.

Mwanafunzi akisahihishwa bila kuelezwa sababu, huona mizani ni sheria za wenyewe, zisizo na mantiki, za kukariri. Huko ndiko kunakotoka ile kauli ya "wao wamezaliwa nao".

LUGHA MAMA KAMA UFUNGUO

Sababu ipo, na mwanafunzi wetu anayo nyumbani kwake. Mwulize Mnyankole au Mganda neno la mtu, atakwambia omuntu. Neno la mti ni omuti. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, mtu ni umuntu. Kote huko kuna -mu-, silabi kamili yenye irabu yake. Kiswahili kilipoidondosha irabu hiyo u, hakikuidondosha silabi. Sauti m ilibaki imekalia kiti kile kile: mu-ti ikawa m-ti. Kwa hiyo anayetaka kujua kama m inasimama peke yake na ajiulize, je, hapa kwetu tungesema mu? Kama ndivyo, hiyo ni mizani moja.

Kuna na kipimo cha pili kinachomfaa hata asiyekuwa na lugha ya Kibantu: geuza neno liwe la wingi. Mtu–watu, mti–miti, mgeni–wageni: m imebadilika, basi ni kiambishi kinachojitegemea, nacho huhesabiwa. Mbuzi–mbuzi, ndege–ndege: hakuna kilichobadilika, basi m na n hizo zimeshikamana na konsonanti inayofuata. Vivyo hivyo katika vitenzi: nilimpenda hugeuka niliwapenda, kwa hiyo ni ni-li-m-pe-nda, mizani mitano. Hata vivumishi hufuata mkondo huo. Mtu mbaya, ambaye wingi wake ni watu wabaya, ni m-tu m-ba-ya, mizani mitano. Njia mbaya, ambayo wingi wake ni njia mbaya, ni nji-a mba-ya, mizani minne. Neno limeandikwa kwa herufi zile zile, lakini sikio linasikia mawili.

Pamoja na hayo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Mbele ya irabu, kiambishi huungana na irabu hiyo: mwalimu ni mwa-li-mu, mizani mitatu. Na maneno mafupi mno, kama mbwa, nchi na nta, huhesabiwa mizani miwili ingawa hayabadiliki katika wingi: m-bwa, n-chi, n-ta. Sababu ni kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi moja halina pa kuuweka. Hivyo m au n hulazimika kusimama. Hapa pia lugha jirani zinasaidia. Mbwa kwa Kiganda ni embwa, kwa Kirundi ni imbwa: silabi mbili. Kiswahili kimeacha irabu ya mwanzo, lakini hesabu ya mbili imebaki.

Ama kuhusu irabu mbili zinazofuatana, tahadhari inahitajika, maana hapa lugha mama inaweza kupotosha kabla ya kusaidia. Mganda akiandika taata na maama, irabu mbili ni silabi moja ndefu: taa-ta, maa-ma. Ndiyo maana anapoona taa ya Kiswahili huipa silabi moja. Lakini mwombe atafsiri njaa. Atasema enjala, Mnyankole atasema enjara, Mnyarwanda atasema inzara. Mwombe atafsiri kuzaa. Mganda atasema okuzaala, Mnyankole okuzaara. Katika kila neno kuna l au r ambayo Kiswahili kimeipoteza. Zile a mbili za njaa zilikuwa zimetenganishwa na konsonanti. Konsonanti imeondoka, lakini kila a imebaki silabi yake: nja-a, ku-za-a. Mwanafunzi akishaliona hilo, hasahau tena, kwa sababu hakuambiwa, ameligundua mwenyewe.

Kuna maneno ambayo hata washairi huyapima kwa namna tofauti, hasa ya asili ya kigeni yenye konsonanti zinazofuatana, kama labda na daktari. Hapa tunawashauri wanafunzi wautazame mshororo mzima na kuona mshairi mwenyewe amelipimaje neno lake.

UBETI WA MWANAFUNZI WETU

Tulimwita kijana huyu ofisini, tukamweleza hayo, kisha tukamwomba jambo moja kabla hajaiacha fasihi: atunge ubeti mmoja tu wa tarbia juu ya jambo analolijua. Baada ya wiki moja alituletea huu:

Nimetoka mashambani, kahawa nimeichuma,
Mbuni upo kilimani, umetunzwa naye mama,
Karo yangu ya chuoni, kwa jasho lake nasoma,
Ushairi ni wa nani, niambieni mapema?

Vina vimekaa: ni katikati, ma mwishoni. Swali la mwisho linafaa kuwa kibwagizo. Alisema amehesabu mara tatu na kila kipande kina mizani minane. Tulimwomba aughani darasani huku wenzake wakipiga makofi, kofi moja kwa kila silabi. Mshororo wa kwanza ulikwenda sawa. Katika wa pili makofi yaligongana: nusu ya darasa ilimaliza kabla ya nusu nyingine.

Kosa lilikuwa kwenye neno mbuni. Kiswahili kina mbuni wawili. Mmoja ni ndege mkubwa asiyeruka. Wingi wake ni mbuni vile vile, kwa hiyo ni mbu-ni, mizani miwili. Mwingine ni mti wa kahawa. Wingi wake ni mibuni, kwa hiyo ni m-bu-ni, mizani mitatu. Kijana wetu alikusudia mti, na upatanisho wake wa kisarufi, upo, ni wa mti. Lakini alihesabu ndege. Kwa kipimo cha mti, kipande kile kilikuwa na mizani tisa: m-bu-ni-u-po-ki-li-ma-ni. Sarufi ilisema mti, mizani ikasema ndege.

Darasa lilicheka sana, kisha likafanya kazi. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "Mbuni u kilimani", akitumia u badala ya upo kama wafanyavyo washairi. Mwingine alipendekeza "Mbuni wa kilimani". Yote mawili yana mizani minane. Mwenye ubeti alichagua la pili, akatoa sababu: la kwanza linasema mbuni uko wapi, la pili linasema ni mbuni wa aina gani, na kahawa ya kilimani kwao ina sifa yake. Hapo tulitambua kwamba kijana amekwisha kuingia. Alikuwa akichagua neno kwa sauti na kwa maana kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya mshairi. Mizani ilimlazimisha kuuliza, "Hasa nataka kusema nini?"

Alipokwenda nyumbani wakati wa likizo, alimghania mama yake ubeti huo. Mama hajui Kiswahili cha kutosha kuelewa kila neno. Hata hivyo, anasema kijana, alikuwa akitikisa kichwa kila kipande kilipokwisha, bila kuambiwa vipande vinaishia wapi. Kisha akataka atafsiriwe, na aliposikia kwamba ametajwa, akataka aghaniwe tena.

VINA, NA TATIZO LA L NA R

Kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. Kuoanisha irabu peke yake hakutoshi: -ma huoana na -ma, haioani na -na. Hapa wanafunzi wetu wana mtego wao. Kinyankole hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Kinyarwanda na Kirundi ni hali kadhalika. Na katika Kiganda, r hutokea baada ya e na i, mahali pengine ni l. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huoanisha kula na kura na kuona ameweka kina kizuri. Sikio lake halimwambii chochote. Akisoma shairi la mwingine, vilevile hatatambua ni kwa nini mshairi aliyetumia kura katika mshororo mmoja alihangaika kutafuta -ra nyingine.

Dawa ni mazoezi ya jozi za maneno, kula na kura, yakitamkwa na kusikilizwa kwa dakika tano mwanzoni mwa kipindi. Wengine huyaona ni mambo ya shule ya msingi. Lakini vina ni mlango wa kuingilia shairi, na asiyesikia tofauti ya -la na -ra amebaki nje.

MANENO YA KALE

Lalamiko jingine la wanafunzi ni msamiati wa lahaja, hasa Kiamu na Kimvita. Wanaona mato, tini, ndia, ndaa, moya, na kamusi ndogo haiwasaidii. Tunawapa funguo tatu. Penye t ya kaskazini, jaribu ch: mato ni macho, tini ni chini. Penye nd, jaribu nj: ndia ni njia, ndaa ni njaa. Penye y, jaribu j: moya ni moja. Funguo hizi hazifungui kila neno, lakini zinafungua mengi. Mwanafunzi wa Afrika ya Kati aliyezoea kuona inzara ya Kinyarwanda ikiwa enjala ya Kiganda hashangazwi na ndaa kuwa njaa. Amekulia katika eneo ambalo kila akivuka mto, sauti hubadilika na neno hubaki.

VIPI MWANAFUNZI WA KASKAZINI?

Tumeulizwa, na ni haki, juu ya wanafunzi wetu wanaozungumza Kiacholi, Kilango au Kiateso, ambazo si lugha za Kibantu. Wao hawana omuti wa kuwaonyesha m ilikotoka. Kwao kipimo cha wingi na makofi ndivyo vya kutegemewa. Ila wao pia hawaji mikono mitupu. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alipotoa Song of Lawino mwaka 1966, alikuwa amechota katika nyimbo za Waacholi, zenye mrudio wake na kejeli zake. Mwanafunzi aliyeziimba nyimbo za aina hiyo anajua tayari kazi ya kibwagizo, na anajua kumsema mtu bila kumtaja jina. Halikadhalika, kijana wa Ankole anayajua ebyevugo, majigambo yanayoghaniwa kwa pumzi moja, na mwenzake wa Rwanda anayajua ibyivugo na tungo za kusifu ng'ombe. Hakuna mwanafunzi anayekuja kwetu bila ushairi. Hukosa tu jina la Kiswahili la kile alicho nacho.

NA MASHAIRI HURU JE?

Mwanafunzi mjanja hutuuliza: kwa nini tuteseke na mizani wakati Kezilahabi aliiacha? Ni kweli kwamba diwani yake ya Kichomi, ya mwaka 1974, ilikuwa na mashairi yasiyofuata mizani wala vina, na kwamba miaka hiyo ulizuka mjadala mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Lakini mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi, yaani mwaka 1973, Abdilatif Abdalla alikuwa amechapisha Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Yeye alitumia mizani na vina vya wazee wake kuibeba dhiki mpya kabisa.

Kwetu sisi hakuna haja ya mwanafunzi kuchagua kambi. Tunachomwambia ni kwamba mtu huweza kuacha kile tu alicho nacho. Asiyesikia mizani hawezi kujua Kezilahabi aliacha nini, wala Abdilatif Abdalla alishikilia nini.

MAPENDEKEZO KWA WALIMU WENZETU

Kutokana na hayo, tunapendekeza utaratibu ufuatao, ambao sisi tumeanza kuutumia.

1. Shairi lisikike kabla ya kusomwa kimya. Mwalimu aghani au ampate mwenye sauti. Wanafunzi wafunge vitabu.

2. Mizani ihesabiwe kwa makofi, na kila kosa litafutiwe sababu kwa kulinganisha na lugha za darasani. Mwenye Kiganda, mwenye Kinyankole na mwenye Kinyarwanda waitwe mashahidi.

3. Kabla ya kuuliza dhamira, yaulizwe maswali matatu mepesi: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimemfanya aseme leo?

4. Istilahi kama tarbia, ukaraguni na mtiririko zije mwisho, zikiwa majina ya vitu ambavyo mwanafunzi amekwisha kuvisikia.

5. Kila mwanafunzi atunge walau ubeti mmoja kwa muhula, juu ya jambo la kwao, nao ughaniwe mbele ya wenzake. Tusiupe alama za uzuri. Tuupe alama za mizani, vina na utoshelezi wa maana.

6. Mtihani uwe na sehemu ya kusikiliza. Kwa sasa mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri za ushairi bila kuwahi kusikia shairi hata moja, na huo ni upungufu wa mitihani yetu, si wake.

HITIMISHO

Sisi tuliovuka mpaka kwenda kusoma shahada ya uzamili tuliketi darasa moja na wenzetu wa Pwani, na tuliona kwamba wao pia huhesabu kwa vidole wanapotunga. Walichotuzidi ni miaka ya kusikia. Miaka hiyo hatuwezi kuwarudishia wanafunzi wetu, lakini tunaweza kuwapa saa za kutosha za kusikia, na tunaweza kuacha kuwaambia kwamba lugha zao ni kikwazo.

Ushairi wa Kiswahili una chimbuko lake, nalo liheshimiwe. Pamoja na hayo, ni wa kila anayekubali kuusikiliza kwa makini hata akajua kilicho mti na kilicho ndege. Kijana wetu amejiandikisha tena katika somo la fasihi muhula huu, na amekwisha kuongeza beti tatu juu ya ule wa kwanza. Mmoja una kipande chenye mizani saba. Tumemwachia akitafute mwenyewe.

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuletee beti zao, hasa zile zilizogoma kutimia, pamoja na mifano ya maneno kutoka lugha zao inayosaidia kueleza mizani. Tutaichapisha katika matoleo yajayo ili tusaidiane.